Mgonjwa wa Kisukari Aliye Kwenye Mashine: Afundishwe Nini, na Nani
Hotuba kwa wauguzi wa vitengo vya kusafisha damu na kliniki za kisukari, Mwanza

Wauguzi wenzangu, madaktari mliopo, wataalamu wa lishe, na ninyi ndugu wa wagonjwa mliokaa upande wa dirishani: wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Nianze na hesabu. Mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kazi, anayesafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, anakaa mbele ya muuguzi saa 12 kila wiki. Daktari bingwa anamwona dakika chache za raundi. Kliniki ya kisukari, kama bado anahudhuria, anakwenda mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Wapo wanaokuja mara 2 tu kwa wiki kwa sababu ya nauli na gharama, na hata hao tunakaa nao saa 8. Ukimtoa anayempikia nyumbani, hakuna mtu mwingine anayempata mgonjwa huyu kwa muda huo. Kwa hiyo swali la nani amfundishe kuhusu sukari yake limeshajibiwa na ratiba yetu wenyewe. Linalobaki ni tumfundishe nini, na hapo ndipo tunapojikwaa, maana wengi tunampa somo lile lile alilopewa miaka 10 iliyopita, figo zake zilipokuwa bado zinafanya kazi.

Somo la zamani lilisema: ukiona sukari iko juu, ishushe, ikigoma, ongeza dawa. Kwa mtu wa mashine somo hilo ni la hatari. Adui yake wa kwanza ni sukari kushuka.

Sababu zake zinaeleweka, na mgonjwa akielezwa vizuri anazishika. Figo ndizo zinazovunja sehemu kubwa ya insulini inayozunguka kwenye damu. Zikishakufa, uniti 10 alizochoma asubuhi zinaendelea kufanya kazi hadi saa ambazo zamani zingekuwa zimekwisha nguvu. Figo pia hutengeneza sukari mtu anapokaa na njaa. Akiba hiyo nayo imeondoka. Ongeza hapo kichefuchefu, mdomo mchungu, na hamu ya kula iliyopotea. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akichoma uniti 40 kwa siku anajikuta anahitaji 20 au pungufu. Kasi ya figo kuchuja ikishuka chini ya mililita 10 kwa dakika, madaktari wengi huanza kwa kukata dozi hadi karibu nusu, halafu wanafuata vipimo.

Sasa angalia jinsi jambo hili linavyoonekana nyumbani. Mzee alikuwa na sukari ya 15, 18 (milimoli kwa lita), miaka nenda rudi. Ghafla inasoma 6, mara 5. Anafurahi, familia inafurahi, na kama kulikuwa na mganga au chupa ya mlonge, basi mganga ndiye anayesifiwa. Anasema kisukari kimepona. Hakijapona. Insulini ndiyo imekosa pa kwenda. Muuguzi anayesikia neno “nimepona” asilipuuze wala asilicheke. Hilo ndilo lango la somo la kwanza. Muulize anatumia dawa gani sasa hivi, zote, pamoja na za mitishamba, na umuulize bila kumkaripia, maana ukimkaripia leo, kesho atakuficha. Majani ya mlonge, kwa mfano, yana potasiamu nyingi, na hilo lazima tulijue hata kama yeye anayatumia kwa ajili ya sukari.

Mwambie pia alete vidonge vyake vyote kwenye mfuko, avimwage juu ya meza. Metformini haitakiwi kabisa kwa mtu wa mashine. Inajikusanya mwilini na inaweza kusababisha tindikali kwenye damu. Glibenklamidi ni mbaya zaidi kwa upande wetu, kwa sababu mabaki yake baada ya kuvunjwa na ini bado yana nguvu ya kushusha sukari, na hayo mabaki yalitegemea figo kutoka. Mgonjwa aliyeangushwa na glibenklamidi huzinduka kwa dripu ya sukari, anaonekana mzima, halafu anaanguka tena baada ya saa kadhaa. Huyo harudishwi nyumbani. Analazwa na kupimwa kwa siku nzima au zaidi. Na vidonge hivi havitoki mbali: viko kwenye kopo kabatini tangu enzi za kliniki, au mke anavitumia kwa kisukari chake mwenyewe na wanagawana.

Tuje kwenye mashine yenyewe. Maji ya dawa, yale yanayosafisha damu, yanapita kwenye chujio la mashine kwa kasi ya mililita 500 kwa dakika. Kwa saa 4 hizo ni lita 120. Kama maji hayo yana sukari ya gramu 1 kwa lita, ambayo ni sawa na milimoli 5.5, damu ya mgonjwa itavutwa kuelekea 5.5, awe ameingia na 14 au na 8. Kama hayana sukari kabisa, mgonjwa anapoteza gramu 15 hadi 30 za sukari kwa kikao kimoja, na aliyeingia na 6 akiwa na insulini ndani yake yuko njiani kuanguka. Kila muuguzi hapa asome lebo ya galoni anayoitumia. Shehena ikibadilika, mtengenezaji akibadilika, soma tena. Ni jambo la dakika moja, na hakuna atakayetusomea.

Halafu kuna kinachotokea baadaye, ambacho mgonjwa anakiona peke yake. Saa chache baada ya kushuka kitini, sukari hupanda. Sehemu ya insulini imenasa kwenye chujio, na mwili, uliokuwa umebanwa, umemwaga homoni za kupandisha sukari. Jioni anapima anakuta 15. Asiyefundishwa anajiongezea insulini hapo hapo. Figo hazipo za kuivunja. Usiku wa manane sukari inashuka akiwa usingizini. Mwambieni mapema, kabla hajakutana na hiyo 15: siku ya mashine, namba ya jioni haitibiwi kwa kujiongezea sindano. Iandike, tuijadili. Daktari akiona mtindo unajirudia, atapanga dozi ya siku ya mashine tofauti na ya siku nyingine.

Niseme na kuhusu HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kinategemea chembe nyekundu kuishi siku zake, karibu 120. Kwa mgonjwa wetu zinaishi pungufu, na anachomwa sindano za kuongeza damu zinazoleta chembe changa ambazo hazijakaa na sukari muda mrefu. Akiongezewa damu, ndiyo kabisa. Matokeo huonekana mazuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo asilimia 6.2 isitufanye tupige makofi. Inaweza kuwa ni damu changa, au ni mtu anayeshuka sukari kila usiku. Madaktari wengi wanaridhika na kati ya 7 na 8, wengine hadi 8.5 kwa anayetumia insulini. Sisi tunaofundisha tutegemee zaidi kipimo cha kidole na daftari.

Kipimo cha kidole nacho kina mitego. Mkono wa fistula, yaani wenye mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, hautobolewi. Tumia mkono mwingine, pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati. Anawe kwa maji na sabuni, akauke. Msimu wa embe mtaliona hili: mtu amemenya embe stendi, amejifuta kwenye suruali, anapimwa anasoma 16, anapewa insulini, baada ya saa mbili jasho linamtoka. Ile 16 ilikuwa sukari ya embe kwenye kidole. Namba yoyote isiyolingana na mgonjwa anavyoonekana, nawisha mikono, pima tena kabla ya kufanya lolote. Mtego wa pili ni upungufu wa damu: damu ikiwa nyepesi sana, mashine nyingi za kidole husoma juu kuliko ukweli. Mgonjwa mwenye hemoglobini ya 7 anayesoma 4.3 mchukulieni kama aliyeshuka. Wa tatu ni joto. Kopo la stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, likiachwa wazi dirishani, au kwenye gari juani, stripu zinaharibika bila kubadilika rangi. Kifuniko kirudi mara moja, na tarehe ya kufungua iandikwe kwa kalamu ya wino juu ya kopo.

Somo linalotangulia mengine yote, kabla ya lishe, kabla ya kitu chochote, ni hili: mgonjwa asitoke kitengoni siku ya kwanza bila kujua dalili za kushuka na bila sukari mfukoni. Chini ya 3.9 ni kushuka. Chini ya 3.0 ni hatari ya sasa hivi. Dalili ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuona ukungu, hasira isiyo na sababu, maneno kuchanganyika. Lakini mwambieni na ukweli wa pili: mishipa ya fahamu iliyochakazwa na kisukari cha muda mrefu inazima dalili, na dawa za presha za jamii ya atenololi, propranololi na kavediloli zinaficha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho ndilo hubaki. Kwa mtu wa namna hiyo, jasho jembamba shingoni ndiyo kengele pekee.

Akishuka akiwa na fahamu: vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, katika nusu glasi ya maji. Hizo ni kama gramu 16. Asubiri dakika 15, apime. Ikiwa bado chini ya 4, arudie. Ikipanda, ale kitu cha kushikilia, kipande cha mkate au ugali kidogo, kama mlo uko mbali. Watu wetu wamezoea juisi ya chungwa, ya embe, ya parachichi. Hizo zinaleta potasiamu kwa mtu asiye na pa kuitolea. Soda nyeusi ina fosforasi iliyoongezwa. Kama soda ndiyo iliyo karibu, iwe nyeupe au ya rangi nyepesi, na isiwe ile isiyo na sukari. Mililita 150 zinatosha. Chokoleti na maandazi hayafai kwa dharura kwa sababu mafuta yanachelewesha sukari kufika kwenye damu. Aliyepoteza fahamu hatiwi kitu mdomoni, si asali, si sukari chini ya ulimi na mate yanamwagika, anakimbizwa hospitali. Familia iambiwe hivyo kwa sauti, kwa sababu majirani watakuja na kijiko.

Sukari ikimshuka akiwa kitini kwetu ni rahisi zaidi, njia ya damu iko wazi. Dekstrozi ya asilimia 50, mililita 50, taratibu kupitia upande wa damu inayorudi. Rudia kipimo baada ya dakika 15. Tatizo la kitini ni kutambua. Jasho, kizunguzungu, kupiga miayo na kuishiwa nguvu ni dalili za sukari kushuka, na ni dalili zile zile za presha kushuka kwa sababu ya maji yaliyovutwa. Tumezoea kulaumu presha: tunainua miguu, tunarudisha chumvi-maji, mgonjwa anabaki vile vile. Pima vyote viwili, kila mara. Na kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, pima anapoingia, katikati, na kabla hajaondoka. Akiingia na chini ya 7, mpe wanga wa gramu 20 hadi 30 mwanzoni, mfano vipande viwili vya mkate, msisubiri ashuke. Anayeshuka presha kila akila, apewe kidogo kidogo.

Hatari ya kwanza nimeisema. Ila sukari ya juu nayo ina sura yake kwa mtu wa mashine, na wengi hawaijui. Hakojoi, kwa hiyo ile dalili ya kukojoa mara kwa mara haipo. Kinachobaki ni kiu. Sukari ikikaa 18 siku nzima, inavuta maji kutoka ndani ya chembe za mwili, na mtu anahisi kiu isiyozimika. Anakunywa. Maji hayana pa kutokea. Anarudi Jumatatu akiwa na kilo 4 au 5 za ziada, anahema, hawezi kulala chali. Sisi tunamgombeza kwa kunywa maji. Kumbe tunamgombeza kwa dalili! Lita moja ni kilo moja. Mgonjwa anayeongezeka sana kati ya vikao, kabla ya kumhubiria, fungua daftari lake la sukari na umuulize kuhusu chumvi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoleta kiu. Kiasi cha maji kwa siku ni mkojo alionao, kama bado upo, kuongeza mililita 500 au kidogo zaidi. Ukimwambia namba hiyo huku sukari yake ni 20, umempa amri asiyoweza kuitii. Isitoshe, insulini ikipungua mwilini, potasiamu inatoka ndani ya chembe kuingia kwenye damu. Anayefika na 25, amelegea, na amekosa kikao kilichopita, mwite daktari na pima potasiamu na moyo kabla ya kufikiria insulini nyingi. Insulini nyingi kabla tu ya kuunganishwa, halafu lita 120 za maji ya dawa, mnajua itaishia wapi.

Kuhusu chakula nitawaomba msitumie karatasi za picha za tufaha na broko. Mtu wa Magu au wa Ukerewe anakula ugali wa muhogo, au mahindi na muhogo, anakula sato, dagaa, matembele, viazi, michembe. Tufundishe hapo. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Donge la ngumi ya mgonjwa mwenyewe kwa mlo mmoja linatosha kuanzia, na liwe lile lile kila siku, kwa sababu insulini yake haibadiliki kila siku. Samaki ale. Wengi wamekatazwa nyama na samaki walipokuwa hawajaanza mashine, na mpaka leo wanaendelea kujinyima, wanakonda, na sukari inawashuka. Ukishaanza mashine, hesabu inageuka: gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Kipande cha sato cha gramu 100 kina karibu 20, kwa hiyo samaki mchana, samaki jioni, na yai asubuhi vinamfikisha zaidi ya nusu ya njia. Dagaa analiwa na mifupa yake, na kwenye mifupa ndiko fosforasi iliko. Awe wa mara moja moja, na kidonge cha kushika fosforasi kimezwe pamoja na mlo, si saa mbili baadaye. Kayabo, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ina chumvi kupindukia; hiyo hapana. Michembe ni viazi vilivyokaushwa vibichi, maji yametoka, sukari na potasiamu vimebaki vimejikusanya. Kiganja kidogo cha michembe ni kiazi kizima. Ndizi na viazi vimenywe, vikatwe vyembamba, vichemshwe kwa maji mengi, maji hayo yamwagwe, vimaliziwe kwa maji mapya. Maji ya kwanza yasiwe mchuzi. Hili mwambieni anayepika, si mgonjwa peke yake. Mzee atakuitikia “sawa sista” kwa adabu, halafu mkwewe atapika kama kawaida kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Sasa sindano, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi hayatoki kwenye kutokujua, yanatoka mkononi. Sindano ya insulini ya mililita 1 ina uniti 100, na kwa kawaida kila mstari mdogo ni uniti 2. Ya nusu mililita ina uniti 50, kila mstari ni uniti 1. Mgonjwa amezoea ile ndogo, anahesabu mistari 8. Siku duka la dawa limeishiwa anauziwa kubwa, anahesabu mistari 8, anachoma uniti 16. Usimuulize kama anajua kuchoma. Mpe sindano tupu na kichupa cha maji, mwambie avute 8, kisha uisome wewe. Mpe na ile aina nyingine, avute tena. Macho ya wengi yameharibiwa na kisukari. Mtu anayesema anaona mistari na huku anageuza sindano kutafuta mwanga, haioni. Hapo mfundishe mtoto au mke avute.

Insulini ya maziwa, yaani ile yenye ukungu mweupe, pamoja na ile ya mchanganyiko, ibingirishwe viganjani mara 10 hadi 20 mpaka iwe sawasawa. Isitikiswe kama dawa ya kikohozi, mapovu hupunguza dozi. Abadilishe mahali pa kuchoma, akiacha upana wa kidole kati ya leo na jana. Pitisha mkono tumboni kwake mwenyewe. Ukikuta uvimbe laini kama mto, hapo amechoma miaka, na insulini inanyonywa ovyo: leo haifanyi kazi, kesho inatoka yote. Ukimhamisha kwenda ngozi nzima, mjulishe daktari kwanza, kwa sababu dozi ile ile mahali papya inaweza kumwangusha.

Na kichupa. Kina mililita 10, yaani uniti 1,000. Kikishafunguliwa kinatumika siku 28 tu kwa insulini nyingi tunazozitumia. Mgonjwa wa zamani wa uniti 40 alikimaliza kabla ya hapo. Huyu wa mashine anachoma 14 kwa siku. Kwa hesabu hiyo kitamfikisha siku 71, naye hatakitupa kwa sababu amekinunua. Wiki ya saba insulini imechoka, sukari inapanda, dozi inaongezwa, halafu anafungua kichupa kipya chenye nguvu kamili na dozi ile ile iliyoongezwa. Anaanguka. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye lebo mbele yake. Kuhifadhi: kisichofunguliwa kikae nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinavumilia hadi nyuzi 25 au 30, kutegemea lebo, kivulini. Asiye na friji atumie vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Wanaoishi mialoni wanaweka insulini kwenye boksi la barafu la samaki. Ikigusa barafu inaganda, na ikishaganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

Nani ana muda wa yote haya? Najua swali hilo liko vinywani mwenu, na ni la haki. Hakuna anayewaomba darasa la saa nzima. Wakati wa kuunganisha, acheni. Ukishamaliza, mgonjwa ametulia, ndani ya saa ya kwanza na ya pili, chukua dakika 10 kwa jambo moja. Saa ya mwisho akili imechoka, presha iko chini. Hatashika kitu, na kukitokea dharura utakatizwa. Jambo moja kwa kikao, wagonjwa wawili kwa zamu, na uandike kwenye faili ulichofundisha ili wa zamu ya kesho asirudie hicho hicho. Kisha akurudishie: “Mama, ukifika nyumbani, binti akikuuliza leo sista amesema nini, utamwambiaje?” Akishindwa, umeshindwa kueleza, eleza kwa njia nyingine. Kama anaelewa zaidi Kisukuma, Kikerewe au Kijita, mtafute mwenzetu anayekijua, hasa kwa namba za dozi. Wiki mbili baadaye muulize tena, kwa sababu kilichoshikwa leo huvuja.

Daftari liwe la kawaida, la kurasa 48, mistari mirefu: tarehe, saa, sukari, insulini aliyochoma, alichokula kwa maneno mawili, na uzito siku ya mashine. Vitu vya kumwita daktari bila kusubiri raundi: kushuka chini ya 3.9 mara mbili katika wiki moja, kushuka hata mara moja kulikohitaji msaada wa mtu mwingine, sukari inayokaa juu ya 15 siku mbili, kutokula, au uzito mkavu (uzito wake maji ya ziada yakishatolewa) unaopungua. Dozi hubadilishwa na daktari. Kazi yetu ni kuhakikisha anaipata habari akiwa bado na nafasi ya kuibadilisha.

Miguu nitaipita haraka: vua soksi kila kikao, angalia kati ya vidole na visigino, mto chini ya kifundo ili kisigino kisikandamizwe saa 4. Na mfungo, wa Ramadhani au wa kanisani: anayetaka kufunga aseme wiki mbili kabla, asituambie akiwa ameshaanza. Kwa anayechoma insulini na yuko kwenye mashine, hatari ni kubwa, na mashauri hayo yahusishe daktari na kiongozi wake wa dini kama atapenda.

La mwisho ni safari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wagonjwa wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko upande ule. Wa Ukerewe bado wanategemea maji. Mgonjwa anachoma insulini saa 11 alfajiri kwa mazoea, anawahi chombo, kiti anakipata saa 5 asubuhi. Huo ni muda wa saa 6 nzima bila chakula, na mashine inamsubiri. Siku ya mashine, sindano iende na chakula, si na saa ya ukutani: asipokula asichome ile ya chakula, na dozi ya asubuhi hiyo ipangwe na daktari kwa maandishi kwenye jalada la daftari. Mfukoni awe na pakiti ya sukari na kipande cha mkate. Na upepo ukichafua ziwa, chombo kisipoondoka: apige simu kitengoni siku hiyo hiyo, apunguze maji, aache ndizi, viazi, michembe na matunda mpaka afike, asiache kabisa insulini ya siku wala asijiongezee, apime asubuhi na jioni. Akianza kuhema au kulegea, aende hospitali ya Nansio, asisubiri ziwa litulie. Namba ya simu ya kitengo iandikwe kwa herufi kubwa nyuma ya daftari, na tuhakikishe simu hiyo ina mtu wa kuipokea hata Jumapili.

Sasa tuchukue maswali. Tuanze na wenzetu waliotoka mbali.